Menza Wawili

Zamani, nyumbani kwa kina Linda, Mtopanga, chakula cha jioni kikiisha Babu Menza alitaja ukoo. Wajukuu walibangua korosho, naye aliwataja wazee mmoja mmoja, taratibu, kwa sauti nzito. Raha iliyoje! Siku hizi Babu hayupo, na korosho hununuliwa dukani, zimeshabanguliwa.

Bahati nzuri, Linda alikuwa amemrekodi kwa simu. Akayaandika majina kwenye jedwali moja la kompyuta: jina la mtu, na pembeni jina la baba yake. Jumamosi ukoo wote ungekutana. Hawe Dhahabu, bibi yake Linda, aliomba kitu kimoja tu: majina yasomwe kama marehemu mumewe alivyoyasema.

Ijumaa Linda akamsomea kwanza. Hawe alikuwa akitabasamu, mara akanuna.

“Linda!”

“Abee, Hawe.”

“Wanangu umewapa baba gani? Huyo Menza ni babu yake mume wangu! Mume wangu mwenyewe yuko wapi?”

Linda akaona haya. “Kompyuta ilionyesha Menza, mwana wa Jefwa, mara mbili. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikafuta mmoja.”

“Kwani hujui kwetu mjukuu hupewa jina la babu? Jefwa wa kwanza kamzaa Menza, Menza kamzaa Jefwa wa pili, naye kamzaa Menza wangu. Umenifutia mume, mwanangu.” Machozi yakamtoka.

Linda akakimbilia kwa jirani yao, Lavender, ambaye hutunza kumbukumbu za mizigo katika ofisi moja ya bandarini.

“Hata ukimrudisha, watachanganyika tena,” Lavender alisema. “Jedwali moja linatosha kwa vitu visivyo na ngazi, kama viti na sufuria za harusi. Lakini ukoo una ngazi: babu, chini yake wana, chini yao wajukuu. Na nyinyi majina yenu yanajirudia!”

“Sasa nifanyeje?”

“Mpe kila mtu namba yake peke yake. Pembeni usiandike jina la baba, andika namba ya baba. Ndoa ziweke kwenye jedwali la pili: namba ya mume, namba ya mke. Majedwali yakiunganishwa hivyo, tunasema ni hifadhidata ya uhusiano. Mwanzoni ina kazi, lakini hapotei mtu.”

Wakaisikiliza sauti ya Babu upya, wakaandika. Menza wa zamani akawa namba 2. Babu akawa namba 14. Hawakuchanganyika tena.

Jumamosi Linda akasoma mbele ya ukoo wote. Kila mtu alisikia jina lake, chini ya baba yake. Ilipofika zamu ya Babu, Hawe akainua mkono.

“Hapo usisome. Mwache aseme mwenyewe.”

Linda akabonyeza simu. Sauti ile nzito ikatoka, taratibu, kama enzi za korosho.

“Jefwa akamzaa Menza. Menza akamuoa Dhahabu.”

“Abee,” Hawe akaitikia.