Mgeni wa Marehemu Iliasi

Mwanamke mmoja alifika kituo cha polisi cha Kasongo, mashariki mwa Kongo, akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hakuna aliyekuwa akimtazamia. Aliteremka kwenye pikipiki, akatua mkoba wake, akaomba kuonana na mkubwa wa hapo.

"Nimeibiwa nyumba," alisema.

Inspekta Assumani aliinua kichwa. Alikwisha kuandika mashtaka ya mbuzi, ya baiskeli, hata ya milango iliyong'olewa. Ya nyumba, bado.

"Nyumba yako?"

"Ya kukaa likizo yangu. Naitwa Cecilia, mwalimu wa historia, natoka Kigoma, Tanzania. Nimetuma malipo ya kwanza kwa simu. Leo nimefika, hakuna nyumba. Kuna magugu na ukuta mmoja."

"Nani alikupokelea malipo?"

"Mwenyeji wangu, Bwana Iliasi, nyuma ya msikiti. Tumeandikiana mpaka juzi."

Inspekta aliweka kalamu mezani.

"Mwalimu, Iliasi tulimzika mwaka jana. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea."

Cecilia alikaa polepole kwenye benchi.

Taarifa ilimfikia Komanda, mkubwa wa Assumani, kabla chai haijapoa. Naye hakupenda mambo marefu. "Huo ni utapeli, Assumani. Jamaa za marehemu wanakula kwa jina lake. Andika hivyo, peleka kwa mwendesha mashtaka."

"Nipe muda kidogo, Komanda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni jina la Iliasi."

Hakueleza zaidi. Wakiwa watoto, yeye na Iliasi walisoma Kurani kwenye baraza ya nyumba ile, bega kwa bega. Iliasi alikuwa mtu ambaye akiokota kuku wa jirani, humrudisha pamoja na mayai. Mtu kama huyo aandikwe tapeli, tena akiwa hana kinywa cha kujitetea? Hapana.

Wakaenda pamoja mpaka kwenye magofu. Huko Cecilia akafungua simu yake.

Safari hii alikuwa ameipanga kwa miezi, kila usiku akimaliza kusahihisha madaftari. Alisoma simulizi za waliovuka ziwa mpaka Kalemie. Alitazama video za barabara ya Kongolo, akauliza habari za viza kwa watu asiowajua, wakamjibu kama dada yao. Kisha, kwenye ukurasa mmoja wa wasafiri, akakuta Nyumba ya Wageni ya Iliasi.

"Nami sikuamini tu," alisema. "Nilihakikisha kwenye ramani. Tazama."

Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani. Inspekta aliinamia kioo. Akaona bati la nyumba, zima. Akaona ua, kisima, na kitu cheupe kimeanikwa kwenye kamba. Hapo ndipo Iliasi alipokuwa akianika kanzu yake kila Alhamisi. Pengine alikuwa ndani, hai, akipika maharagwe, wakati jicho la huko juu lilipopita.

"Picha hii ni ya zamani," alisema, na sauti yake haikuwa ya kipolisi. "Ni ya kabla masika ya mwaka jana hayajaiangusha nyumba."

"Basi nimepanga likizo katika mji uliokwisha pita."

"Nipe nisome ulivyoandikiwa."

Maandishi yalikuwa ya adabu, marefu kidogo. *Mwambie dereva akuache kwenye kinu cha mpunga cha Mgiriki. Hapo ufuate harufu ya mikate mpaka kwenye tanuri, halafu ukate kushoto.*

"Ulikipata hicho kinu?"

"Vijana wa pikipiki walinicheka. Mmoja alisema, 'Mama, Mugiriki gani? Huku Mugiriki hakuna!'"

Inspekta alitabasamu kwa huzuni. Kinu kilinyamaza wakati wa vita, na tanuri likazimika siku zile zile. Mtu anayeishi Kasongo hamwelekezi mgeni huko. Anayeelekeza hivyo aliondoka zamani, na mji alioubeba kichwani haujabomoka.

"Kuna picha nyingine?"

Cecilia alimwonyesha ya mwisho. Watoto wawili barazani, mmoja ana pengo la meno, mwingine amekunja uso kwa jua. Picha ya karatasi iliyopigwa tena kwa simu.

"Huyu mwenye pengo ni Iliasi," alisema Inspekta. "Huyu aliyenuna ni mimi."

Picha hiyo ilikuwa moja tu. Rachida, mdogo wake Iliasi, aliondoka nayo alipoolewa Kabambare, vita vikiwa vimekaribia. Tangu hapo hakurudi.

Inspekta alimwacha Cecilia nyumbani kwake, kwa mkewe Faida, akapanda pikipiki ya kazi. Barabara ya Kabambare ni mashimo na matope. Mahali pengine alishuka akaisukuma. Njia nzima alijiuliza swali moja tu: Rachida anawezaje kuliuza jina la marehemu kaka yake?

Alimkuta dukani kwake, katikati ya sabuni na madumu ya mawese, simu za watu zikichajiwa ukutani. Rachida aliruka kutoka kitini.

"Yaya Assumani, kaka yangu! Umezeeka vile!"

"Na wewe umenenepa."

"Acha ubaya! Aa, umekuja juu ya mugeni, si ndiyo? Mwalimu amefika? Iliasi amemupokea muzuri?"

Inspekta alimtazama usoni. Kwa miaka mingi alikuwa amesoma nyuso za waongo. Uso huu haukuwa wa mwongo. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajaambiwa.

"Ni wewe uliyeandika kwenye intaneti?" aliuliza taratibu.

"Ni miye. Iliasi iko peke yake katika nyumba kubwa. Nikasema, wageni wakuje, akuwe na watu wa kuongea nao. Ye simu hajui. Basi miye najibu kwa jina lake, feza inaingia kwangu, namutumia."

"Kupitia kwa nani?"

"Kwa Placide wa pikipiki. Juzi tu ameniletea salamu. Ati Iliasi anakohoa kidogo, lakini iko muzuri."

Inspekta aliaga kwa kisingizio cha kutafuta mafuta ya pikipiki.

Placide alikuwa kwenye kituo cha pikipiki, akipangusa kiti kipya cha ngozi. Alipomwona Inspekta, kitambaa kilimdondoka.

"Unamjua Iliasi wa Kasongo?"

"Ndiyo, Shefu."

"Juzi amekupa salamu gani?"

Placide aliinama kuokota kitambaa.

"Nakuuliza mara ya pili. Marehemu amekupa salamu gani?"

Placide alichuchumaa, akashika kichwa.

"Shefu, siku ya mazishi ndugu zake walinituma. Walisema, mwambie Rachida neno moja tu: njoo."

Inspekta alijua, kwa kuwa alikuwapo. Kwao habari ya kifo haitolewi kwa simu, wala haiachwi kwa mtu aliye peke yake. Anaitwa tu. Akifika, wanawake wa kwao wamzunguke kwanza, ndipo aambiwe. Walimngoja Rachida, hakutokea. Wakadhani amewatupa. Kwa uchungu, hakuna aliyetuma tena.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimkuta anacheka, Shefu. Amepata mgeni wake wa kwanza kwenye simu. Akanishikisha feza, ati kaka atengeneze bati. Sikuweza kusema. Nikasema nitasema nikirudi."

"Na uliporudi?"

"Akanipa zingine. Wageni wale hawakufika, barabara iliwashinda, hakuna aliyekuja kuuliza." Alifuta pua kwa kiganja. "Mara ya kwanza ilikuwa huruma. Mara ya pili ilikuwa tamaa. Nilijua nikisema 'njoo', atakwenda, na kila kitu kitakwisha."

"Bati hizo zingeisimamisha ile nyumba, Placide."

"Najua. Nilipita pale siku iliyoanguka. Niliongeza mwendo, nisitazame."

Inspekta alimkabidhi kwa polisi wa Kabambare ili afikishwe kwa mwendesha mashtaka. Jina la Iliasi lilikuwa safi. Lakini kazi iliyobaki haikuwamo katika mafunzo yoyote ya upelelezi.

Aliuliza mtaani wanawake wenye asili ya Kasongo, akawapata, akawaomba wamfuate. Rachida alipoona mitandio yao mlangoni, tabasamu lake lilianza kufa.

"Yaya, hawa wanatafuta nini?"

"Rachida," alisema Assumani, "njoo. Twende nyumbani."

Kwao neno hilo lilitosha. Rachida alilia mpaka madumu yakatetemeka kwenye rafu, na wanawake wakamshika pande zote.

Siku iliyofuata Assumani alimbeba kwa pikipiki mpaka Kasongo. Shangazi zake walimpokea kwa kilio, wakamsimulia yote, na usiku wakamtandikia mkeka katikati yao. Kwa desturi aliyefiwa hagusi jiko. Majirani ndio wapishi.

Lakini kabla ya jua kupanda, Rachida aliamka akaomba unga wa mchele.

"Umepata wazimu?" shangazi mmoja alifoka. "Watu watasema humlilii kaka yako!"

"Waseme. Nilimuandikia mugeni: asubuhi ya kwanza vitumbua na chai ya mchaichai, barazani. Niliandika kwa jina la Iliasi. Iliasi hakuwahi kumudanganya mutu."

Hakuna aliyemsaidia. Wengine waligeuza nyuso. Alibeba makaa peke yake mpaka kwenye magofu, akang'oa magugu kwa mikono, mpaka saruji ya baraza ikatokea, yenye nyufa. Akakaanga huku machozi yakidondokea nguo yake.

Assumani alimleta Cecilia. Mwalimu aliona makaa, akaona macho yale yaliyovimba.

"Dada, sistahili. Rudi ukapumzike, tafadhali."

"Kaa, Mwalimu," alisema Rachida, akimtandikia mkeka. "Karibu kwa Iliasi. Kula vikiwa vya moto."