Vipeperushi Vilivyoziba Mtaro

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu naye ni fundi cherehani. Watu wanatuita Mama Pacha na Baba Pacha, kwa sababu tuna watoto mapacha. Kila asubuhi mimi nakata, yeye anashona. Siku akishika mkasi yeye, lazima tugombane.

Kwa kitambaa mimi ni bahili, nakiri. Kabla ya kukata, natandaza kitambaa mezani. Halafu napanga patani juu yake, yaani zile karatasi tunazofuatisha tunapokata nguo. Nazigeuza huku na huku mpaka zibanane vizuri. Vipande vinavyobaki najazia mito. Baba Pacha hunitania kwamba hata uzi ukianguka, nauokota na kuuomba radhi.

Mwaka jana tulihama. Chumba chetu cha zamani kilikuwa barabarani, lakini mwenye nyumba alikihitaji. Tukapata kingine uchochoroni, nyuma ya fundi viatu. Kilikuwa chumba kizuri chenye dirisha kubwa. Lakini nani angejua kwamba tupo huko? Wiki ya kwanza walikuja wateja wawili. Mmoja wao alikuwa amepotea njia.

"Mke wangu, tukiendelea hivi tutafunga kazi," alisema Baba Pacha.

"Basi tujitangaze," nikasema.

Tukachapisha vipeperushi elfu tatu. Vilikuwa vikubwa, vyekundu kote, na vimefunikwa plastiki ya kung'aa. Katikati nilikuwa mimi, natabasamu na mkasi mkononi. Chini tuliandika: "Punguzo hadi mwisho wa mwezi."

Tuligawa kwa kila aliyepita. Tulimpa hata aliyebeba mizigo mikono yote miwili. Watu walipokea, wakapiga hatua kumi, wakatupa. Sikujali. Nilidhani sura yangu imeenea mjini.

Siku moja asubuhi ilinyesha mvua kubwa. Ilipokatika, nikasikia hodi. Alikuwa fundi viatu. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Mkononi alishika kipeperushi chenye tope.

"Mama Pacha," alisema polepole, "nimekukuta mtaroni."

Tukatoka mbio. Mtaro ulikuwa umeziba. Maji yalikuwa yameingia dukani kwake, na viatu vya wateja wake vilikuwa vinaelea. Baba Pacha akachukua koleo. Kila alipochota, nilitoka mimi natabasamu. Ile plastiki haikuwa imelainika hata kidogo.

Fundi viatu hakupiga kelele. Angenitukana, ningepumua. Badala yake alianza kupanga viatu vyake juani, kimoja kimoja. Nikakimbia kuleta gunia langu la vipande vya kitambaa. Tukavijaza ndani ya viatu ili vinyonye maji. Tulifanya kazi hiyo mpaka mchana.

"Nisamehe, jirani," nilimwambia. Machozi yalikuwa yananilenga.

"Najua hukukusudia," alisema. "Na najua unatafuta wateja. Mtaa wa pili kuna mpiga chapa, tunamwita Dada Wino. Nenda kamwone. Mwambie nimekutuma mimi."

Kesho yake tulikwenda. Dada Wino alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vyake vyeusi kwa wino. Tulipomsimulia habari ya mtaro, alichukua kipeperushi changu, akajaribu kukichana. Hakikuchanika.

"Umeona?" aliuliza. "Karatasi peke yake ingelainika na kuoza. Ikichakaa, ingeweza kusagwa na kutengenezwa karatasi nyingine. Ukishaipaka plastiki, ni vigumu kuitenganisha. Inabaki takataka kwa miaka mingi."

"Lakini inang'aa," Baba Pacha alijitetea.

"Inang'aa, ndiyo. Hata mtaroni iling'aa."

Dada Wino akatandaza karatasi kubwa ya mashine mezani. Akaweka vipeperushi vyetu vitatu juu yake. Pembeni kulibaki ukanda mrefu mtupu.

"Ukanda huu ulitupwa," alisema. "Fundi, wewe ungekata gauni namna hii?"

Nilihisi uso unawaka. Mimi ninayeokota uzi! Nilikuwa nimetupa karatasi kwa mafungu, kwa sababu tu haikuwa kitambaa.

"Niachie," nilisema. Nikachukua futi yangu na kuanza kupima. Niligeuza vipimo huku na huku kama ninavyopanga patani. Mwishowe tukapata kadi ndogo kumi na sita kwenye karatasi ile ile, bila kubaki ukanda.

Dada Wino akacheka kwa furaha. "Sasa twende pamoja. Rangi nyekundu ya nini kote? Inakula wino bure. Tuchore mkasi tu, na ramani ya uchochoro wenu. Tarehe tuiondoe, maana ikipita kadi haina kazi. Na tuchape mia mbili kwanza. Zikiisha, mtarudi."

Akatuonyesha karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi za zamani. Ilikuwa ya kahawia kidogo. Wino wake ulikuwa wa mafuta ya mimea.

"Haitaonekana duni?" aliuliza Baba Pacha.

"Iguse kwanza."

Akaigusa. Ilikuwa nzito na laini, na kalamu iliandika juu yake vizuri.

"Na nyuma?" nikauliza.

"Nyuma weka kitu kitakachomfanya mtu asiitupe. Wewe ndiye fundi. Wateja wako husahau nini?"

"Vipimo vyao!" tulisema sote wawili.

Basi nyuma tukachapa mistari ya kujaza: kifua, kiuno, mkono, urefu. Hatukugawa tena ovyo. Kila nguo iliyokamilika tuliitia kadi mfukoni. Vile vipeperushi vya zamani vilivyobaki sikuvitupa. Vilikuwa vigumu, kwa hiyo nilivikata vikawa patani za kola na mifuko. Natumia hadi leo.

Fundi viatu, ambaye duka lake tulilijaza maji, aliomba kadi kumi aziweke mezani kwake. "Viatu vikipona, watu hukumbuka nguo," alisema. Niliinama tu nikamshika mkono.

Wateja wakaanza kuja. Wengine walikuja na kadi imejaa vipimo, wakitafuta nguo ya pili. Hatukufunga kazi. Mvua kubwa ilinyesha tena, na mtaro ukapitisha maji.

Siku moja fundi viatu alipiga hodi tena. Mkononi alishika kadi yetu, kona zake zimechakaa.

"Mama yangu yuko mbali, na miguu haimruhusu kusafiri," alisema. "Nilikwenda na kadi yako, nikampima kwa uzi wangu wa viatu. Nataka umshonee gauni, ila sijui kama nimepatia vipimo."

Alikuwa amepatia. Nilikata gauni lile taratibu kuliko nguo zote za mwaka ule, na Baba Pacha akalishona bila utani. Baada ya wiki mbili kadi ilirudi. Kando ya kiuno, mama yule alikuwa ameandikisha maneno haya: "Mwambieni fundi asante. Limenikaa, na nafasi ya kunenepa ameniachia."

Niliibandika ukutani, juu ya cherehani. Lakini mwenye deni la asante nilikuwa mimi kwa mwanawe, tangu siku ile aliponikuta mtaroni akaja kupiga hodi.