Kondo Lililopotea Abeokuta

Saa tatu kasoro asubuhi, Dokta Adekoya alifungua friji ndogo ya chumba cha upasuaji, akakuta bakuli tupu. Kondo la nyuma alilolihifadhi humo alfajiri, ndani ya mfuko uliofungwa barabara, halikuwepo.

Inspekta Ronke Sodeinde hakuhitaji kupigiwa simu. Alikuwa kwenye benchi la nje, amemshika mkono dada yake Sijuade, mtia rangi wa vitambaa vya adire pale soko la Itoku. Juzi kostiki, ile soda kali ya kuchanganyia rangi, ilimrukia Sijuade jicho la kushoto na kukiunguza kioo cha jicho. Dokta alikusudia kukifunika kwa utando unaobanduliwa kwenye kondo la mzazi mwenye afya, kipone chini yake. Bila utando, jicho lingeweza kutoboka. Ronke aliogopa, na akiogopa huwa mkali.

Alianza na Nesi Bosede, mtunza ufunguo.

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwenye msumari, Madam. Kila mtu anaujua huo msumari."

"Basi kufuli la nini?"

"La kumfurahisha mkaguzi."

Akaenda wodini kwa Yejide, mwenye kondo, aliyejifungua alfajiri kwa kupasuliwa.

"Nilikubali kwa hiari yangu, damu wakanipima," alisema Yejide kwa sauti kavu. "Nina kiu, Madam. Wamenikataza hata maji mpaka jioni."

Pembeni aliketi mama mkwe wake, Mama Tanimola, amepakata chungu kipya cha udongo.

"Dawa ya mzazi," alisema bibi kabla hajaulizwa.

Huko nje kelele zilizuka. Mlinzi alikuwa amemnasa Taju mfagiaji getini na mfuko mweusi unaodondosha maji. Watu walishaanza kunong'ona kwamba makondo huuzwa kwa waganga wa utajiri.

"Fungua, Taju."

"Madam, nina watoto."

"Fungua."

Walikuwa kambare wawili, wameganda, wamemtumbulia Inspekta macho.

"Samaki kwenye friji yangu?" Dokta aliuliza.

"Kwangu hakuna umeme, Dokta. Niliwatoa muda mfupi kabla hujaja, kondo sikuliona. Hata maji yangu ya mfuko yaliyoganda yamebebwa."

Ronke akasimama palepale. Mwizi aliyebeba na barafu hataki kondo lioze, na ana safari mbele yake. Akarudi wodini, Dokta nyuma yake, akapiga magoti mbele ya bibi kama umri ule unavyostahili.

"Mama, mkamwana wako haruhusiwi hata maji. Hiyo dawa anakunywa nani?"

Bibi akakikumbatia chungu.

"Na mbona chungu kinatoka jasho la baridi?"

"Mimi si mwizi," Mama Tanimola alisema. "Hili ni la mjukuu wangu. Litazikwa uani kwetu Ijebu, lilipozikwa la baba yake. Hawa wanataka kulibandika jichoni kwa mtu nisiyemjua. Mtu huyo akipotelea mbali, si atapotea na mtoto wetu?"

"Mama, ungeniuliza," alisema Yejide.

"Wewe uliniuliza?"

Yejide akageukia ukutani.

"Nahitaji utando tu, Mama," Dokta alisema. "Ni mwembamba kama ngozi ya ndani ya ganda la yai. Kilichobaki chote ukazike."

Bibi alimtazama Ronke, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Mwenye jicho ni nani?"

"Dada yangu, Mama."

"Nawe umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba."

Bibi akashusha pumzi, akamkabidhi chungu. "Siku ya kumpa mtoto jina, dada yako aje kwetu. Amtazame mtoto kwa jicho hilohilo, tujue ni ndugu."

Dokta akaukagua mfuko. Haukuwa umefunguliwa, na barafu ilikuwa bado ngumu. Ronke akacheka peke yake pale sakafuni.

Siku ya nane, siku ya jina, huko Ijebu, Sijuade aliinua kitambaa kilichofunika jicho lake la kushoto, akaliziba la kulia kwa kiganja. Mama Tanimola akamwinua mtoto mbele yake.

"Naona ukungu," alisema.

"Ukungu tu?" Ronke aliuliza.

"Na mtu mdogo ndani yake. Anapiga miayo."

Mama Tanimola akamweka mtoto mapajani mwa Sijuade.

"Basi mzoee," alisema. "Umevaa ngozi yake."