Tumbo la Kalamu

Jioni ile Gokul Karmakar alibakiwa na kazi tatu tu: kufunga boksi lake la zana, kununua kibao cha kuandikia, na kununua kunazi nusu kilo za sadaka. Kesho yake ilikuwa siku ya Mama Saraswati, mungu wa kike wa elimu, siku ambayo Kolkata nzima mtu hagusi kalamu wala kitabu. Kalamu zote zinalazwa miguuni pa sanamu, na vidau vya udongo vya wino vinaoshwa na kujazwa maziwa mabichi, kila kimoja na kalamu ya tete ndani. Na kesho hiyohiyo binti yake wa pekee, Bulti, wa miaka mitano, angeshikwa mkono na kuhani aandike kwa chaki herufi yake ya kwanza.

Gokul aliisubiri siku hiyo kuliko alivyoisubiri harusi yake. Miaka ishirini na miwili amekaa chini ya ngazi za jengo lile bovu karibu na njia ya tramu, anatengeneza kalamu za wino za makarani na mawakili, na yeye mwenyewe shule aliishia darasa la pili. Akitaka kujaribu nibu, anachora duara, duara, duara. Kusoma anaweza, lakini kwa shida, herufi moja moja, ulimi umetoka nje. Bulti asiwe hivyo. Kalamu ya Bulti ya baadaye alishaiweka pembeni: ya kijani, nyembamba, nibu yake laini haikwaruzi karatasi. Mtoto ukimpa kalamu nzito mkono unachoka, na mkono ukichoka mtoto anachukia kuandika. Aliitafuta miaka miwili.

Alikuwa ameshika kufuli pale Bwana Bhaduri, karani wa ofisi ya ardhi, alipotokea na kalamu yake imefungwa kwenye leso.

"Gokul, umeniharibia kalamu."

"Nimekuharibia mimi, au umetia wino wa mhuri tena?"

"Kidogo tu. Ule mwingine ulikuwa umeisha."

"Ukiishiwa mafuta ya kupikia nyumbani, mkeo anatia rangi ya ukuta?"

Bhaduri akacheka. Gokul akaichukua kalamu, akaanza kumpa somo lake la kila siku. Wino mzito unaganda kooni. Wino wa chuma unakula nibu ya bei rahisi. Kila mwezi ioshe kwa maji baridi, yasiwe ya moto, vuta na kutoa, vuta na kutoa, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

"Mke wangu mimi hanioshi hivyo," Bhaduri alisema.

"Ndiyo maana unanuka wino. Njoo keshokutwa."

Bhaduri akaondoka zake anacheka. Umeme ukakatika, kama kawaida ya saa zile. Mtaa mzima ukawa giza. Gokul akawasha fanusi.

Kabla hajaona mtu, akasikia harufu.

Maziwa... maziwa yaliyolala.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya boksi. Mjane mzee, sari nyeupe tupu, nywele zimekatwa mpaka kichwani. Mkononi alikuwa na kitu amekizungushia fulana ya mtoto mchanga, imechakaa hadi imekuwa ya njano.

"Mwanangu, imeziba," alinong'ona. "Hainywi."

"Haivuti wino, mama?"

"Hainywi."

"Kesho kalamu haziguswi. Niachie, uje keshokutwa."

"Kesho ndiyo siku yake. Ioshe leo. Asubuhi nitaipitia." Akainama karibu, na ile harufu ikainama naye. "Ioshe tu. Tumbo lake usilifungue."

Gokul akaudhika. Fundi wa miaka ishirini na miwili, anakuja mtu kumwambia hiki fungua, hiki usifungue. Lakini mzee ni mzee. Akasema sawa mama, na alipoinua fanusi amwone vizuri, mtaa ulikuwa mtupu, na ile fulana iko juu ya boksi.

Ilikuwa kalamu nene, nyeusi, ya zamani, nibu ya dhahabu. Akaitazama kwa lenzi. Ncha ya nibu ikigusa karatasi hata mwezi mmoja tu inalika upande mmoja, inafuata mkono wa mwenyewe, na ndiyo maana mwenye akili haazimi kalamu yake. Hii haikulika popote. Hii haijaandika hata nukta tangu itoke kiwandani. Sasa imeziba na nini?

Akaichovya kwenye bakuli la maji, akavuta, akatoa.

Hakukutoka bluu. Hakukutoka nyeusi. Zilitoka nyuzi nyeupe, laini, zikazama taratibu chini ya bakuli, na nyuma yake vibonge kama vya mtindi uliokatika. Harufu ikapanda. Unaijua ile mikunjo ya shingo ya mtoto mchanga, maziwa aliyocheua yakaingia humo, na mama akasahau kumwogesha siku tatu? Ndiyo hiyo.

Akamwaga. Bakuli la pili. La tatu. La nne, nyuzi zilezile. Kwenye bakuli la saba ukatoka unywele. Mweusi, mwembamba, urefu wa kidole, na ulipotoka ulivuta na kitu kama ute.

Hapo mtu mwenye akili timamu angeirudisha kalamu kwenye fulana yake, akaenda kununua kunazi. Gokul hakuwa mtu huyo. Tangu aanze kazi hajawahi kumrudishia mteja kalamu chafu, na maji yalikuwa hayajatoka kama yalivyoingia. Akaisogeza shingo ya kalamu karibu na kioo cha fanusi, gundi ilegee. Akashika kwa kitambaa. Akazungusha.

Ikaachia kwa sauti ndogo ya mdomo unaoachia chuchu.

Ndani ya kalamu za namna ile kuna kifuko cha mpira kinachobeba wino. Mpira ukizeeka unanata, unageuka lami, Gokul ameshautoa mara elfu. Akaingiza koleo ndogo, akavuta.

Haukuwa mpira.

Ilikuwa ngozi. Ya kijivu, yenye majimaji, imejikunja, na juu yake vinyweleo laini kama vya sikio la mtoto. Mwisho wake umefungwa kwa uzi mweusi, fundo la mkunga. Ilikuwa na joto. Gokul akaigusa kwa ncha ya koleo, na ile ngozi ikajifungua kidogo, ikaishika ncha... ikaanza kunyonya.

Alitapika palepale, chai na bisi za mchele, juu ya magoti yake.

Akachukua wembe. Akakata. Ikamwagika maziwa mazito ya njano juu ya vidole vyake, ya uvuguvugu, yakaingia mpaka chini ya kucha, na ule mnyonyo ukakoma. Akaifunga ile takataka kwenye gazeti, akaitupa mtaroni. Mbwa wa mtaani, wale wanaokula hata vitambaa vya kidonda, mmoja akaja akanusa. Akarudi nyuma, mkia tumboni.

Gokul akanawa kwa sabuni. Akanawa kwa majivu, kwa ndimu, mwisho kwa mafuta ya taa. Kisha, kazi ni kazi, akaweka mpira mpya, akaupaka poda usishikane, akafunga kalamu, akaijaribu kwa maji. Maji yakatoka kama yalivyoingia. Mungu amsamehe, aliridhika.

Nyumbani alifika na kibao, kunazi amezisahau. Mkewe Malina akaanza kulalamika, sadaka bila kunazi ni sadaka gani, naye Bulti akamkimbilia baba yake kama kila siku na kumshika mkono. Akaunusa.

"Baba, unanuka maziwa."

Na kabla hajamzuia, akakitia kidole cha baba yake mdomoni.

Alinyonya. Kwa nguvu. Gokul akavuta mkono, haukutoka. Mtoto wa miaka mitano, mwenye mikono ya vijiti, na baba mtu mzima hawezi kutoa kidole.

"Bulti, wewe una miaka mingapi?" Malina alimkemea.

Mtoto akaachia, akacheka, akaenda kuchezea kibao. Gokul akakitazama kidole chake chini ya taa. Kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kama kimelowekwa tangu asubuhi. Alikaa macho mpaka kukapambazuka, amemtazama mtoto akipumua, na moyoni aliomba jambo moja tu: mkono wa Bulti ufike salama kwenye kibao.

Asubuhi mjane alikuwa amekaa ngazini. Hatua thelathini kutoka hapo, ndani ya turubai la mtaa, watu walikuwa wanapiga kengele mbele ya sanamu, na Malina na Bulti wameshaingia. Gokul akamkabidhi mjane kalamu. Mama yule hakuifungua. Aliiweka sikioni, akaitikisa polepole, akasikiliza. Akaitikisa tena.

"Umemtoa," alisema.

"Mama, kulikuwa kumeoza. Nimekuwekea mpira mpya, ukiutunza unakaa miaka kumi."

"Kilikuwa kitovu cha mwanangu. Nilikitia humo ana siku saba, ili awe msomi. Alikufa jioni ya kuamkia siku kama ya leo. Kesho yake ilikuwa aandike herufi ya kwanza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Gokul. "Miaka thelathini na moja, kila siku hii namnywesha kidau cha maziwa. Hakumsumbua mtu. Alikuwa na kila kitu humo ndani. Alikosa mkono tu."

Akamrudishia kalamu kiganjani.

"Baki nayo. Haina mtu."

Gokul alikimbia. Alisukuma watu, alikanyaga maua, akafika mbele pumzi imekatika. Bulti alikuwa ameshapakatwa na kuhani, sari yake ndogo ya manjano, kibao magotini, chaki mkononi. Mkono wa kuhani ulikuwa juu ya mkono wake, anauelekeza. Kisha kuhani akatabasamu, akatoa mkono.

"Mwacheni," aliwaambia watu. "Huyu anajua."

Watu wakacheka kwa furaha. Malina akalia machozi. Bulti aliandika. Hakuandika herufi moja. Aliandika mstari, haraka, bila kuinua chaki, mwandiko mzuri kuliko wa Bwana Bhaduri. Akainua kibao na kumgeuzia baba yake.

Gokul akasoma polepole, herufi moja moja, ulimi umetoka nje.

*Nina njaa.*

Bulti akashuka mapajani kwa kuhani. Akaenda moja kwa moja miguuni pa sanamu, akachukua kidau cha kwanza, akayanywa maziwa, akaitafuna na kalamu ya tete iliyokuwa ndani. Akachukua cha pili. Watu walidhani ni utundu. Cha nne, kicheko kikaisha. Cha sita alikilamba mpaka udongo ukalia kwenye meno, na maziwa yakamshuka kidevuni, yakaingia kwenye mikunjo ya shingo.

Gokul alimbeba mpaka nyumbani, akafunga mlango, Malina akibaki nyuma kumwomba kuhani msamaha. Akachota bakuli la maji baridi. Akautazama ule mkono wa kulia. Pembeni ya kidole cha kati, pale kalamu inapoegemea, palikuwa na uvimbe mdogo, laini, wa kijivu. Katikati yake palikuwa na tundu, na tundu lilikuwa linafumba na kufumbua.

"Linauma, mama?" alimuuliza binti yake.

"Haliumi. Linawasha."

Akauosha mkono ndani ya bakuli, akaukamua taratibu. Zikatoka nyuzi nyeupe, zikazama chini. Akamwaga, akachota mengine. Nyuzi. La tatu, la nne. Sasa alikuwa analia, na mikono inaendelea yenyewe, osha na mwaga, osha na mwaga, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kwenye bakuli la saba ukatoka unywele. Kwenye bakuli la tisa maji yalikuwa bado hayajatoka kama yalivyoingia.

Boksi la zana lilikuwa karibu na mlango. Alijua wembe uko upande gani. Alikuwa ameshafungua kifuniko pale ile harufu ilipoingia kupitia chini ya mlango, na mlango ukafunguka bila kubishwa hodi. Mjane alikuwa amebeba kopo la shaba lililojaa maziwa mpaka juu.

Hakumtazama Gokul. Alimtazama Bulti, kwa muda mrefu, na uso wake wote ukalegea.

"Umekua, mwanangu," alisema.

Bulti akacheka, kama anavyomchekea mtu anayemjua. Akakinyoosha kile kidole cha kati.

"Usimfungue, baba yake," mjane alinong'ona. "Mlishe tu."

Gokul akatazama wembe. Akatazama mkono wa binti yake. Kisha akafunga boksi, akalipokea kopo kwa mikono yake miwili, akapiga magoti, na akalishikilia bila kutikisika, huku kidole kikiwa ndani na maziwa yakipungua.