Mama Ampandisha Bosi Ngazi

Kila asubuhi mama na binti yake huenda pamoja chuo kikuu. Binti anasomea maigizo. Mama anasafisha madarasa ya ghorofa ya nne.

Lifti ipo, lakini tangazo mlangoni linasema: "Wafanyakazi wa usafi watumie ngazi." Basi mama hupanda ngazi na ndoo mbili za maji. Goti lake limevimba. Daktari amemwonya kwamba akiendelea hivyo atashindwa kutembea.

Binti aliuandikia utawala wa chuo barua, hakujibiwa. Ndipo yeye na wenzake wakatunga igizo. Mama akaalikwa kwenye mazoezi. Msichana aliyeigiza msafishaji alilia mwanzo hadi mwisho. Mama akaangua kicheko.

"Huyo nani, mwanangu? Sisi hatulii ngazini, tunataniana! Ukilia, pumzi ya kupandia utaitoa wapi?"

Binti alinuna. Lakini mwalimu wao wa maigizo alicheka sana.

"Mama amesema kweli," alisema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumetunga habari za watu bila kuwauliza. Sanaa ya kutetea haki huanza kwa kusikiliza. Kisha wenyewe hupanda jukwaani, na watazamaji nao huitwa wajaribu."

"Mimi niigize?" mama alishtuka.

"Nani anazijua zile ngazi kuliko wewe?"

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa pomoni. Mama na wasafishaji wenzake walipanda na kushuka ngazi za mbao jukwaani, ndoo zimejaa maji, utani mdomoni. Watu walivunjika mbavu. Kisha mama akamgeukia mkuu wa utawala aliyekaa mbele.

"Bosi, karibu utusaidie."

Mkuu alipanda jukwaani akitabasamu, akapewa ndoo mbili. Safari ya tatu alikuwa anahema, suruali imelowa.

"Kwa siku mnapanda mara ngapi?"

"Kumi na mbili. Na hiyo ni siku isiyo na matope."

Mkuu aliziweka ndoo chini.

"Nani aliweka lile tangazo?"

"Sahihi ni yako, bosi."

Mkuu aliona haya. Aliomba radhi palepale, mbele ya wote.

Kesho yake tangazo liliondolewa. Baada ya mwezi goti la mama lilikuwa limepona. Asubuhi moja alimkuta mkuu ndani ya lifti.

"Ghorofa ya ngapi, mama?"

"Ya nne. Na wewe?"

"Ya pili."

"Ya pili tu, na magoti mazima hayo? Bosi, ngazi zile pale!"

Mkuu alicheka, akatoka, akapanda kwa miguu.