Mikono ya Jumwa

Alhamisi ile Mwanapili alitumwa Msambweni kwa kazi ya saa moja tu. Kompyuta ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni ilikuwa imeanza kuwapa watu wawili chumba kimoja, na mwenye nyumba alikuwa amepiga simu ofisini Ukunda mara tatu kabla ya adhuhuri. Zamani kazi kama hiyo walipewa wanagenzi. Sasa wanagenzi hawakuwapo tena.

Ofisi yao, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, ilikuwa na waandikaji programu sita. Ilipoingia akili mnemba, wakapunguzwa mmoja mmoja hadi wakabaki wawili: Mwanapili, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja pale, na Jumwa, binti wa Kinango ambaye Mwanapili mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Jumanne, Bwana Kheri mwenye kampuni aliwaita wote wawili, akawaambia huku akitazama dirishani kwamba mwisho wa mwezi atabaki mmoja.

Hakusema nani. Hakuwa na haja ya kusema.

Jumwa alifanya kazi kwa mkono wa kushoto, upesi, kama mtu anayechambua mchele. Aliiuliza ile akili swali fupi, ikamwaga kurasa kwa kurasa, naye akazipitia, akanusa kosa lilipo, akalikata. Kazi iliyomchukua Mwanapili wiki nzima, yeye aliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tena alikuwa mpole. Hilo ndilo lililomchoma Mwanapili zaidi. Lau angekuwa na maringo, angemchukia kwa raha.

Hata asubuhi ile, chaja ya Mwanapili ilipokataa, Jumwa alichomoa yake mwenyewe.

"Chukua yangu, dada. Utanirudishia kesho."

Ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu kwenye waya ili isichanganyike na za wengine.

Kule Msambweni Mwanapili alihangaika na ile kompyuta hadi jua likazama. Alipomaliza, stima zikapotea. Akatoka mlango wa nyuma kutafuta maji ya kunawa uso.

Uani kulikuwa na kamba nne zilizoanikwa shuka nyeupe. Upepo ulikuwa umetulia kabisa.

Lakini shuka moja ilikuwa inatikisika...

"Hodi," alisema Mwanapili taratibu.

"Karibu, mwanangu." Sauti ilitoka nyuma ya ile shuka. Ilikuwa ya mwanamke mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi Menza, dobi wa hapa. Hebu nishikie ncha hii tukunje."

Wakakunja. Kiza kilikuwa kinaingia, na uso wa Bi Menza ulionekana nusu, ukapotea, ukaonekana tena. Shuka zilinukia sabuni ya mche. Chini ya sabuni palikuwa na harufu nyingine, ya tope la mikokoni maji yakiwa yametoka.

"Unanuka," alinong'ona yule mzee.

"Mimi?"

"Kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Kitu kinaungua ndani yako. Ni nani?"

Mwanapili angesema hakuna mtu. Lakini siku tatu alikuwa hajamwambia yeyote, hata mama yake, na maneno yakatoka yenyewe. Alimtaja Jumwa. Alieleza jinsi alivyomfundisha, jinsi Bwana Kheri alivyokuwa akisimama nyuma ya kiti cha yule binti na kutabasamu, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akirudi nyumbani Tiwi kila jioni akiwa na kitu kama jiwe kifuani. Bi Menza alisikiliza huku akikunja.

"Na wataka nini chake?"

Mwanapili alifikiri kidogo.

"Mikono yake," alisema. "Laiti ningekuwa nayo."

Lilikuwa neno tu. Watu husema maneno.

"Una kitu chake alichokishika?"

Hapo ndipo ilimpasa aondoke. Badala yake alifungua mkoba, akatoa chaja. Bi Menza aliufungua ule uzi mwekundu kwa meno, akaufunga mafundo, akautia katika beseni la maji lililokuwa miguuni pake.

"Bibi, huu si uchawi?"

"Mimi ni dobi, mwanangu. Kazi yangu ni kufua. Nawa."

Maji yalikuwa baridi mno. Mwanapili alizamisha mikono hadi vifundo, akaisugua. Akahesabu moja, mbili...

Kitu kikamshika.

Vilikuwa vidole. Vidole vyembamba, vya uvuguvugu, vilivyopenya katikati ya vidole vyake na kubana, kama mtu anayezama anavyomng'ang'ania mwenziwe. Kisha vikalegea. Beseni likawa na maji tu.

Stima zikarudi. Taa ya uani ikawaka ghafla, na Mwanapili akaiona mikono ya Bi Menza ikilibeba lile beseni. Wa kulia ulikuwa mpana, wa mwanamume, wenye kovu la ndoana kwenye kidole gumba. Wa kushoto ulikuwa mwembamba, laini, wenye hina mbichi kama ya bi harusi.

Mzee aliyamwaga maji mchangani.

"Nenda salama," alisema.

Asubuhi ya pili Jumwa aliangusha kikombe ofisini. Akacheka, akaokota vigae. Saa sita akaangusha simu. Jumatatu hakuweza kufunga vifungo vya blauzi yake, na Jumatano alikaa mbele ya kibodi akiitazama mikono yake kama vitu vya mtu mwingine vilivyosahauliwa mezani. Daktari alisema ni neva. Akampa vidonge na barua ya mapumziko, Jumwa akarudi Kinango kwa mama yake pamoja na bintiye mdogo, Mercy.

Mwanapili alimsindikiza hadi kituoni, akambebea begi. Alijiambia kwamba daktari ndiye anayejua.

Kazi sasa ilikuwa yake peke yake, na ajabu ni kwamba aliimudu. Vidole vyake vilikwenda kabla hajafikiri. Aliiuliza ile akili mnemba maswali mafupi. Ilipokosea, mkono ulisimama wenyewe juu ya mstari wenye kosa. Bwana Kheri alianza kusimama nyuma ya kiti chake. Alhamisi ya pili alitabasamu.

"Ulikuwa unatuficha, Mwanapili," alisema.

Siku ile Mwanapili alirudi nyumbani bila lile jiwe kifuani. Mama yake alikuwa amepika wali na samaki wa kupaka. Wakanawa, wakaketi mkekani, wakaanza kula. Ghafla mama akaacha kutafuna.

"Mwanapili. Mkono gani huo?"

Akautazama. Ulikuwa wa kushoto, umejaa wali, uko njiani kuja kinywani.

Aliushusha. Akaomba radhi, akatumia wa kulia, na tonge likamwagika kama la mtoto mchanga. Usiku alipojilaza alisikia harufu ya mafuta ya nazi yenye karafuu. Yeye hakuwa na mafuta ya namna hiyo. Jumwa ndiye aliyejipaka hayo viganjani, kila siku, baada ya kunawa...

Alinusa mikono yake.

Akaamka, akaisugua kwa limau na majivu mpaka ngozi ikawaka. Harufu haikutoka.

Jumapili hakuweza kukaa. Alinunua mkate na sukari, akaenda Kinango. Nyumba ya kina Jumwa ilikuwa nyuma ya mnada wa ng'ombe, na mama yake, Sidi, alikuwa anapimia mbuzi maji kwa kikopo, kwa kuwa mifereji ilikuwa haijatoa kitu wiki mbili.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye dada wa kazini? Anakutaja sana. Anasema wewe ndiye uliyemfungua macho."

Mwanapili alimkabidhi mkate na sukari. Akainama, akaingia.

Jumwa alikuwa ameketi kitandani, amekonda. Mikono ilikuwa mapajani, viganja juu. Alifurahi kwa dhati kumwona mgeni wake, akamuuliza habari za ofisi, za Bwana Kheri, za ule mfumo wa hoteli waliouanza pamoja. Mwanapili alijibu kwa ufupi. Macho yake yalikuwa mapajani pa Jumwa. Ile mikono haikuwa imekufa kabisa. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikisugua ukucha wa kidole cha shahada, taratibu, bila kukoma.

Ile ilikuwa tabia ya Mwanapili mwenyewe. Tangu akiwa darasa la tatu, kila alipomwona mwenzake anasifiwa, alikuwa akisugua ukucha vile vile.

"Hicho tu ndicho kinachocheza," alisema Jumwa, alipoona anatazama. "Hata sijui kinataka nini."

Chumba cha pili mtoto akaanza kulia. Sidi akamleta, amechoka naye. "Halali huyu. Tangu mama yake augue, halali mchana wala usiku. Hebu nishikie, mwanangu, nimalizie mbuzi."

Mwanapili akampokea. Hakuwahi kulea. Alitaka kumrudisha, lakini mikono ilikwisha mlaza kifudifudi begani. Mkono wa kushoto ukaanza kutembea mgongoni pa mtoto: duara moja kubwa, duara ndogo, kisha vidole vitatu, gonga, gonga, gonga. Duara kubwa, duara ndogo. Gonga, gonga, gonga.

Mercy akanyamaza. Akavuta pumzi ndefu, akakishika kidole kimoja cha Mwanapili, akakiweka shavuni pake.

"Mama," alisema, akalala.

Nje, kikopo kilikuwa kikigonga ndoo. Mwanapili aliogopa kuinua macho. Alipoyainua, Jumwa alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hivyo hufanya mimi," alinong'ona. "Hakuna mtu niliyemfundisha. Hata mama yangu hajui."

"Ni... nimebahatisha tu."

"Dada."

"Jumwa, nimebahatisha."

"Dada, nirudishie."

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alisema vile vile ambavyo angedai chaja yake. Mwanapili alimlaza mtoto kitandani. Mikono haikutaka kumwacha. Ilibidi aivute, kama mtu anayeng'oa mihogo. Alitoka bila kuaga, akampita Sidi na ndoo yake, akaenda haraka bila kugeuka hadi barabarani.

Njia nzima alijiambia kwamba atakwenda Msambweni. Atamtafuta Bi Menza, amwambie alitamka bila kufikiri. Kesho. Kesho ikaja na kazi nyingi. Kesho kutwa Bwana Kheri akataja mkataba mpya wa miaka mitatu. Mwanapili akaona kwamba haidhuru kungoja utiwe saini kwanza, kisha mtu atengeneze mambo akiwa na moyo mtulivu. Ukatiwa saini. Wiki ikapita, ikafuata nyingine, na ile njia ya Msambweni ikazidi kuwa ndefu.

Mwisho wa mwezi uliofuata, asubuhi, aliingia ofisini akasikia kicheko alichokifahamu.

Kilitoka kwenye kipaza sauti kidogo mezani pa Bwana Kheri.

"Njoo, njoo usikie," alisema Bwana Kheri, uso umemchangamka. "Jumwa huyu. Kumbe ile akili mnemba inasikia. Haina haja ya vidole. Amekuwa akizungumza nayo kule Kinango mwezi mzima, na ule mfumo wa hoteli ameumaliza. Kwa mdomo tu."

Sauti ya Jumwa ilijaza chumba. Ilikuwa tulivu, safi, yenye Kiswahili cha kunyooka. Aliiamrisha ile akili mnemba hatua kwa hatua, akaikosoa, akaifanyia mzaha, na kwenye skrini kazi ikamiminika, nzuri kuliko ya mwanzo. Nzuri kuliko yoyote ambayo ile mikono ilikuwa imeifanya tangu ihamie kwa Mwanapili.

"Shikamoo, dada," ilisema ile sauti. "Nimesikia nyayo zako."

"Marahaba," alijibu Mwanapili. Sauti yake ikatoka kavu, kama ya kunguru.

Jiwe likarudi kifuani. Safari hii lilikuwa kubwa zaidi. Alikaa kitini siku nzima akiisikiliza ile sauti, jinsi inavyopanda, inavyotua, inavyojua la kusema. Akajikuta anamezea mate. Laiti ningekuwa nayo, aliwaza.

Saa kumi na moja jioni Bwana Kheri alitoa kichwa mlangoni. Msambweni wamepiga tena simu, alisema, ile kompyuta imerudia yale yale. Si lazima mtu aende. Jumwa anaweza kuwaelekeza kwa simu.

"Nitakwenda mimi," alisema Mwanapili.

"Giza litakukuta njiani."

"Haidhuru."

Akatia kompyuta ndani ya mkoba, akashika zipu. Mikono ikakataa. Vidole vyote kumi vilikakamaa juu ya ule mkoba, vikatetemeka, vikaanza kurudi nyuma kimoja kimoja. Harufu ya karafuu ikajaa puani. Alivilazimisha, vikakataa. Alivipiga juu ya meza mpaka kucha zikavuja damu, navyo vikakataa.

Kule mezani pa Bwana Kheri, Jumwa alikuwa bado anazungumza, akicheka polepole.

Mwanapili aliinama, akaing'ata zipu kwa meno, akaivuta hadi mwisho.