Chombo cha Mchanga Safi

Kila asubuhi binti wa maabara alifanya vilevile. Alivaa koti jeupe na glavu, akapima udongo kidogo kidogo, akautia kwenye vyombo vyenye vifuniko vya kukaza, akamimina kimiminika cha kuitoa sumu iliyojificha ndani. Chombo cha mwisho hakikuwa na udongo wa mtu. Kilikuwa na mchanga safi, wa kuonyesha kama uchafu umetoka humo humo maabara. Kisha alifunga mlango wa maikrowevu na kusikiliza mvumo wake, vyombo vikizunguka taratibu kama watu wanaoota ndoto moja.

Siku moja hakuwahi kuufunga mlango. Mkono wenye shati la manjano ulipita begani kwake, ukasukuma bakuli la chakula ndani.

"Samahani dada. Napasha mara moja tu, njaa inaniua."

"Toa! Hiyo inapasha udongo, kaka. Ukila kilichotoka humo, kesho tutakupima wewe."

Kijana akacheka mpaka ndoo ikatikisika mkononi. Alikuwa ameleta udongo wa bustani ya mboga ya shangazi yake. Tangu kiwanda cha mabomba ya plastiki kihamie jirani, wateja walikuwa wameingiwa na hofu, na mboga zilikuwa zikimnyaukia shangazi mbele ya macho yake.

Simu za kijana huyo zikaanza.

"Daktari wa Udongo, umeamkaje?"

"Bwana Sepetu, majibu hayaivi kwa kupigiwa simu."

"Nani kauliza majibu? Nimeuliza ulivyoamka."

Alibaki na simu kifuani, na ukumbi wa maabara, pamoja na taa zake hafifu, ukamwonekea kama njia ya kwenda mahali pazuri.

"Kesho yatakuwa tayari," alimwambia hatimaye.

"Basi nakuja mwenyewe, mpenzi. Tukanywe chai."

Mpenzi! Asubuhi yake alivaa gauni la samawati chini ya koti, akajipulizia manukato ya dada yake shingoni na viganjani. Alijua maabara hairuhusu. Lakini siku hiyo miguu yake haikuwa inakanyaga chini.

Majibu yakatoka. Udongo wa shangazi ulikuwa na kemikali ya kulainishia plastiki. Mchanga safi nao ulikuwa nayo. Mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani puani, akasogea, akanusa.

"Mwanangu, mchanga umekusema. Kemikali hiyohiyo imo kwenye manukato. Kaoge, tuanze upya."

Binti akampigia kijana simu, uso ukimwaka.

"Usije leo. Majibu bado."

"Si ulisema tayari?"

"Kuna kosa limetokea."

"Kosa gani?"

Akaifunika simu kwa kiganja. Angeanzia wapi?

"Kumbe na wewe kiwanda kimekuziba mdomo," kijana akasema, na simu ikakatika.

Haikulia tena. Alirudia kazi yote, nywele amezifunga, mikono ikinuka sabuni tu. Mchanga ukatoka safi. Udongo wa shangazi nao ukatoka safi.

Kijana alikuja na shati la kijivu, hana utani.

"Nimetumwa na shangazi."

Binti akampa karatasi ya majibu. "Mwambie auze mboga zake. Hazina kitu."

"Nitaaminije? Juzi ulinificha, leo unaniambia ni safi. Shangazi anawauzia watu wenye watoto, dada. Nikimwambia auze, nataka niwe na hakika. Kipimo cha kwanza kilionyesha nini?"

Nyuma yao maikrowevu ilikuwa ikivuma. Akatamani ivume milele.

"Kilionyesha sumu. Hata mchanga wetu ulikuwa nayo. Ilitoka kwangu."

"Kwako?"

"Nilijipulizia manukato. Ni marufuku humu, najua."

"Sasa kama unajua, kwa nini?"

Mashine ikalia, imemaliza. Chumba kizima kikatulia.

"Kwa sababu ulikuwa unakuja wewe," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa mkuu wa maabara. "Na mimi nakupenda."